Kazi ya Ukuta wa Seli katika Mimea na Viumbe Vingine

Mchicha uliochumwa alfajiri huingia sokoni ukiwa mkakamavu: majani yamesimama, na shina likikunjwa huvunjika kwa mlio. Ifikapo saa saba mchana, kama umeachwa juani, fungu lile lile huwa limelegea na kujilaza juu ya gunia kama kitambaa kilicholowa. Muuzaji anayeijua kazi yake huunyunyizia maji na kuyasimamisha mashina ndani ya beseni, na baada ya muda si mrefu mchicha huanza kunyanyuka tena. Katika muda huo hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa katika mmea huo isipokuwa maji. Lakini maji peke yake hayawezi kusimama. Kinachoyapa maji uwezo wa kuusimamisha mmea usio na mfupa hata mmoja ni ukuta mwembamba unaoizunguka kila seli yake.

Somo la ukuta wa seli hufundishwa katika shule za sekondari, na kwa kawaida mwanafunzi hukariri jibu fupi kwamba ukuta huipa seli umbo na kuilinda. Jibu hilo si kosa, ila halielezi mengi. Kuilinda dhidi ya nini? Na ikiwa ulinzi huo ni jambo jema, kwa nini seli za wanyama, binadamu akiwemo, hazina ukuta hata kidogo? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili, na kuonyesha jinsi majibu yake yanavyofika hadi jikoni, shambani na hospitalini.

Neno lenyewe la seli lilianzia kwenye ukuta. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, ambacho hutengenezwa kwa gome la mti, akakitazama kwa hadubini. Aliona vishimo vingi vilivyopangana, akavifananisha na vyumba vidogo, na kwa Kiingereza akaviita kwa neno lenye maana hiyo. Vyumba hivyo vilikuwa vitupu. Uhai ulikwisha kutoka ndani yake zamani, na alichokiona Hooke kilikuwa ni kuta tu zilizobaki. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya seli kupata kuonekana na binadamu ndiyo hii ambayo seli zake mwenyewe hazina.

Maji yatakayo kuingia

Kila seli, ya mmea au ya mnyama, imefungwa ndani ya utando mwembamba mno. Zingehitajika tando zaidi ya 100,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ili kupata unene wa milimita moja. Utando huo huyaruhusu maji kupita kwa urahisi zaidi kuliko chumvi, sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani ya seli. Basi seli ikiwekwa katika maji yenye chumvi kidogo kuliko iliyomo ndani yake, maji huingia. Huendelea kuingia mpaka chumvi ya ndani na ya nje zikaribiane, au mpaka kitokee kitu cha kuyazuia. Tabia hii ya maji huitwa osmosi.

Matokeo yake huonekana wazi katika damu. Tone la damu likiwekwa katika maji matupu, seli nyekundu huvimba na kupasuka, na maji yote yakawa mekundu. Hii ndiyo sababu maji ya dripu anayotiliwa mgonjwa hospitalini si maji matupu. Dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, kiasi ambacho hakizivimbishi seli za damu wala kuzinywesha.

Seli ya mmea hukutana na hatari hiyo hiyo kila siku ya maisha yake, maana maji ya mvua na ya udongoni huwa na chumvi kidogo sana. Lakini haipasuki. Inapovimba, utando wake husukumwa mpaka ukabanwa kwenye ukuta, na ukuta ukakataa kutanuka zaidi. Ndani ya seli hutokea kanieneo, yaani nguvu ya maji ya kusukuma kila upande, na kanieneo hiyo ndiyo inayozuia maji mengine kuingia. Katika seli nyingi za majani hufikia mara 5 hadi 10 ya kanieneo ya hewa ya kawaida. Tairi la gari dogo hujazwa kwa mara 2 hivi tu. Tena ukuta unaoizuia nguvu hiyo katika jani changa ni mwembamba mara mia moja au zaidi kuliko karatasi ya daftari.

Mfano wa tairi unastahili kufuatwa hadi mwisho, kwa sababu neno "ukuta" linapotosha kidogo. Msomaji akisikia ukuta hufikiria matofali, yaani kitu kinachobeba mzigo kwa kugandamizwa na kinachozuia visivyotakiwa kuingia. Ukuta wa seli haufanyi kazi kwa namna hiyo. Unafanana zaidi na tairi la baiskeli, na utando unafanana na tyubu. Tyubu ikijazwa upepo nje ya tairi huvimba upande mmoja na kupasuka. Ikiwa ndani ya tairi huweza kumbeba mtu na gunia lake la mahindi. Tairi tupu, nalo, haliwezi kubeba kitu. Nguvu ya baiskeli haimo katika tyubu wala katika tairi, bali katika kusukumana kwa hivyo viwili. Mchicha ulionyauka ni tairi lisilo na upepo. Haukuvunjika popote, na ndiyo maana ukipewa maji kabla seli zake hazijafa huweza kurudi katika hali yake.

Hapa swali la kwanza limekwisha kujibiwa: adui wa kwanza ambaye seli hulindwa naye ni maji yanayoingia ndani ya seli yenyewe. Jibu hilo hufungua njia ya kulijibu la pili. Viumbe wasio na ukuta wamelitatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine. Amiba, kiumbe wa seli moja aishiye katika maji baridi, ana kifuko kinachojaa maji na kuyatema nje, kisha kikajaa tena, mchana na usiku, mfano wa mtu anayekumba maji katika mtumbwi unaovuja. Wanyama wakubwa wamechagua kuyarekebisha maji yanayozizunguka seli zao: figo hupima chumvi na maji ya damu bila kupumzika, hata kila seli ikawa inaishi katika maji yanayolingana nayo.

Njia zote hizi zina gharama. Amiba hutumia nguvu kila wakati kwa kutema maji, na mnyama ambaye figo zake zimekufa hawezi kuishi siku nyingi. Ukuta ukishajengwa hautumii nguvu nyingi, lakini hulipiwa kwa njia nyingine. Seli iliyo ndani ya ukuta haiwezi kujikunja na kujinyoosha kama msuli, wala kutambaa kutoka mahali hadi mahali, wala kumeza chakula kigumu. Mmea wenye misuli ni jambo lisilowezekana. Kutulia kwa mti mahali pamoja, ambako watu wengi hukuona kama upungufu, ni sehemu ya bei ya kusimama bila mifupa.

Ikumbukwe pia kwamba ukuta hulinda upande mmoja tu. Seli ikiwekwa katika chumvi nyingi, maji hutoka, utando hujikunja na kujitenga na ukuta, na ukuta hauna la kufanya. Mpishi wa kachumbari huijua tabia hii bila kuitaja kwa jina: vitunguu vikifikichwa kwa chumvi hutoa maji na kulegea. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi haozi upesi kwa sababu bakteria wanaomwangukia hunyang'anywa maji kwa namna hiyo hiyo.

Wala ukuta si kizuizi cha kila kitu. Una matundu madogo yanayopitisha maji, chumvi na sukari. Kazi ya kuchagua kinachoingia na kinachotoka ni ya utando. Katika mimea, seli jirani huunganishwa hata na vijia vyembamba vinavyotoboa kuta zote mbili. Hata hivyo kwa kitu kikubwa kama virusi, ukuta ulio mzima ni mlango uliofungwa. Virusi vya wanyama hushika utando na kuingia, ilhali virusi vya mimea kwa kawaida hungoja mtu, chombo au mdudu avunje ukuta kwa niaba yao. Ugonjwa wa batobato la muhogo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, huenezwa na inzi weupe ambao mdomo wao mwembamba huchoma jani, au na mkulima mwenyewe anapopanda vijiti vilivyokwisha kuambukizwa. Virusi vikishaingia, hupita kutoka seli hadi seli kwa vile vijia vya ndani.

Jinsi ukuta ulivyojengwa

Kitu kikuu katika ukuta wa mmea ni selulosi, ambayo Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838. Selulosi ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi, mara nyingi elfu kadhaa katika mnyororo mmoja. Wanga wa muhogo nao ni glukosi iliyoungwa vivyo hivyo. Tofauti iko katika namna kila kiungo kinavyoshikana na mwenzake. Katika wanga mnyororo hujiviringa, na maji pamoja na mate huupata kwa urahisi. Katika selulosi mnyororo hunyooka, ukalala sambamba na mingine, ikashikamana kuwa uzi mgumu ambao maji hayauyeyushi. Tofauti ndogo namna hiyo ndiyo inayotenga ugali na ubao.

Nyuzi hizo za selulosi huzungukwa na vitu laini zaidi, pektini ikiwa mojawapo, kama vile nyuzi za tairi zinavyozungukwa na mpira. Mpangilio wake una maana kubwa. Nyuzi zikiizunguka seli kama pete za pipa, seli haiwezi kunenepa na hivyo hurefuka. Mmea unapotaka seli ikue huulegeza ukuta wake kwa kiasi kidogo, na kanieneo ya maji ikausukuma. Kwa hiyo chipukizi la mhindi linalopasua udongo mgumu baada ya mvua za kwanza linasukumwa na maji.

Seli nyingine hujenga ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, mnene zaidi, kisha zikafa na kuacha ukuta ukiendelea na kazi. Nyuzi za mkonge ni mafungu ya kuta za namna hiyo. Mmea huu ulitoka Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo yalikua mashamba ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, nyuzi ni kilo 4 hivi tu. Mashine ya kusaga, ijulikanayo mashambani kwa jina la korona, kazi yake ni kuziponda seli laini zenye kuta nyembamba na kuziacha zile zenye kuta nene zisizopondeka. Pamba nayo ni ukuta: kila unywele wake ni seli moja ndefu iliyokufa, na sehemu tisa katika kumi za unywele huo ni selulosi.

Katika miti huongezwa lignini, kitu kinachojaza nafasi baina ya nyuzi na kuufanya ukuta uwe mgumu na usionywea. Lignini inahitajika kwa sababu maji hupanda mtini kwa kuvutwa kutoka juu na majani yanayotoa mvuke. Mtu akifyonza kinywaji kwa nguvu kwa mrija laini, mrija hubonyea na kushikana. Mishipa ya maji ya mti, ambayo ni seli zilizokufa zikabaki kuta tupu, ingebonyea hivyo hivyo lau isingekuwa na lignini. Hapa ukuta unafanya kazi iliyo kinyume cha ile ya tairi: unazuia kuporomoka kwa ndani.

Jambo moja huwashangaza wengi. Mpingo huzama majini, na ubao wa msufi huelea kama kizibo. Lakini ukuta wa seli za mpingo na ukuta wa seli za msufi, vikipimwa vyenyewe bila nafasi zilizomo, vina uzito unaokaribia kulingana, yaani gramu 1.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Miti yote ingezama kama ingekuwa ni ukuta mtupu. Msufi huelea kwa sababu ya hewa iliyomo baina ya kuta zake nyembamba, na mpingo huzama kwa sababu karibu hauna nafasi ya hewa. Sufi inayojazwa katika mito na magodoro ni ya namna hiyo pia: ni mirija mitupu ya ukuta mwembamba iliyojaa hewa.

Jikoni, tumboni na kichuguuni

Kuta za seli jirani hugandishwa kwa pektini, na madini ya kalisi huifunga pektini hiyo iwe imara. Kuivisha ndizi au embe ni kuiyeyusha gundi hii polepole kwa vimeng'enya vya tunda lenyewe. Kupika maharage ni kuiyeyusha kwa moto. Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi katika joto na unyevu hugoma kuiva kwa sababu gundi hiyo imekazika, na maji ya kisima yenye chokaa nyingi huzidisha ugumu kwa kuongeza kalisi. Magadi hufanya kinyume: huyeyusha pektini na kuiondoa kalisi, na maharage yakaiva upesi na kuni zikapungua. Wapishi wamelijua jambo hili kabla ya wanakemia. Upungufu wake ni kwamba magadi huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini B1, kwa hiyo yafaa yatiwe kidogo.

Baada ya kupikwa, selulosi yenyewe hubaki. Hakuna kimeng'enya cha binadamu kinachoweza kuivunja, nayo hupita tumboni ikisaidia tu kulainisha choo. Ng'ombe pia hana kimeng'enya hicho. Anachoweza ni kulihifadhi jeshi la bakteria na viumbe wengine wadogo katika tumbo lake la kwanza, ambao huivunja kwa faida yao na yake. Mchwa wajengao vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki wamefika mbali zaidi. Wao hutafuna miti na majani makavu, wakayarundika katika vyumba vya chini, na juu ya rundo hilo wakapanda kuvu yenye uwezo wa kuvunja hata lignini. Kisha hula kilicholainishwa. Uyoga unaochomoza vichuguuni wakati wa mvua, ambao wanavijiji wengi huupenda, ni tunda la bustani hiyo.

Kuvu ina ukuta wake yenyewe, lakini haukujengwa kwa selulosi. Sehemu yake kubwa ni sukari za namna nyingine pamoja na kitini, ambayo ndiyo iliyomo katika gamba la kamba na la mende. Kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, wanasayansi wa leo hawaihesabu kuvu miongoni mwa mimea. Ukuta wa kuvu unaweza kuwa silaha. Kuvu inayounguza majani ya mpunga hujenga juu ya jani kijifuko chenye ukuta mweusi, ikakijaza maji mpaka kanieneo ikafika mara 80 ya ile ya hewa ya kawaida, yaani mara 40 ya tairi la gari, kisha ikachomoza kijiti kinachotoboa ukuta wa mpunga. Kijifuko ambacho ukuta wake umekosa rangi ile nyeusi hakiwezi kuitunza kanieneo hiyo, na jani husalimika.

Mwani nao una kuta zake. Mwani unaolimwa pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989 hauwezi kuwa mgumu kama mti, kwani wimbi la kwanza lingeuvunja. Kuta zake zimejaa karajinani, utomvu unaopinda na kurudi. Utomvu huo ndio unaonunuliwa viwandani kwa kugandishia maziwa, aiskrimu na dawa ya meno.

Ukuta wa bakteria na dawa za binadamu

Bakteria ni wadogo kuliko seli za mimea, lakini shida yao ni ile ile, na kwa wengine ni kubwa zaidi. Bakteria wasababishao majipu huwa na kanieneo ya ndani ipatayo mara 20 ya hewa ya kawaida. Ukuta wao umefumwa kwa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi-amino, kama wavu ambao kila fundo limekazwa. Fumo hilo huitwa peptidoglikani. Halipatikani katika mmea, wala katika kuvu, wala katika mnyama yeyote.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Kidenmaki, alivumbua njia ya kuwapaka rangi bakteria. Baadhi yao walibaki na zambarau hata walipooshwa kwa spiriti, na wengine waliipoteza. Sababu haikujulikana wakati huo. Sasa inafahamika kwamba wa kwanza wana ukuta mnene, na wa pili wana ukuta mwembamba uliofunikwa na utando mwingine kwa nje. Kipimo hicho bado hutumika katika maabara za hospitali, kwa sababu humwambia mganga aina ya ukuta anaokabiliana nao, na kwa hiyo dawa inayofaa.

Hadithi ya penisilini inajulikana na wengi: mwaka 1928 mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu ukiwaangamiza bakteria katika sahani yake, na kundi la Howard Florey na Ernst Chain huko Oxford likaigeuza kuwa dawa miaka ya 1940 na 1941. Lisilosimuliwa sana ni jinsi dawa hiyo inavyoua. Mwaka 1956 Mmarekani Joshua Lederberg aliwatia bakteria penisilini wakiwa katika maji yenye sukari nyingi. Badala ya kufa waligeuka kuwa viduara vilivyo uchi, visivyo na ukuta, vikaishi. Alipoyazimua maji hayo, vilipasuka. Basi penisilini haikuwa sumu kwa maana ya kawaida. Iliwanyima bakteria tairi, na maji yakamaliza kazi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba dawa hiyo hukishika kimeng'enya kinachofunga mafundo ya ule wavu. Bakteria anaendelea kukua, ukuta wake unazidi kuwa na mianya, na mwishowe anapasuka kama seli ya damu iliyotiwa katika maji matupu. Asiyekua hadhuriki, maana hafumi ukuta mpya.

Kutokana na hayo inaeleweka kwa nini dawa inayoua mamilioni ya bakteria inaweza kumpitia mgonjwa bila kumdhuru, isipokuwa wale ambao miili yao huichukia. Seli za binadamu hazina mafundo ya kulegezwa. Ukosefu wa ukuta, uliowafanya wanyama wategemee figo, umewapa faida hii ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwili wenyewe ulikwisha kuitumia faida hiyo zamani: machozi, mate na maziwa ya mama yana kimeng'enya kiitwacho lisozimu, ambacho hukata minyororo ya sukari ya ukuta wa bakteria. Aliyekigundua, mwaka 1922, ni huyo huyo Fleming.

Bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, amejenga ukuta wa namna ya pekee. Juu ya peptidoglikani yake ameweka tabaka nene la nta. Ndiyo maana makohozi yanapopimwa, rangi nyekundu iliyokwisha kuingia katika bakteria huyu haitoki hata ikioshwa kwa asidi, na fundi wa maabara humwona mwekundu kati ya vyote vilivyooshwa. Nta hiyo huzizuia dawa nyingi kupenya. Lakini kinachohitajiwa kwa ujenzi kinaweza kuzuiwa: isoniazidi, iliyoanza kutumiwa mwaka 1952, huzuia kutengenezwa kwa nta, na ethambutoli huzuia sehemu nyingine ya ukuta huo huo. Bakteria huyu hugawanyika mara moja tu kwa saa 20 hivi, na ukuta wake hujengwa polepole kwa kadiri hiyo. Hii ni sababu mojawapo ya matibabu ya kawaida kuchukua miezi sita, ingawa mgonjwa hujisikia nafuu baada ya wiki chache.

Bakteria hawakukaa wakitazama. Mwaka 1940, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa, Chain na mwenzake Edward Abraham walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja dawa hiyo. Mwaka 1961 walionekana Uingereza bakteria wa majipu waliobadili kile kimeng'enya cha kufunga mafundo, hata dawa mpya za jamii ya penisilini zikakosa mahali pa kushika. Kila mara dawa za ukuta zinapotumiwa pasipohitajika, bakteria wenye mbinu hizo hubaki na wengine hufa, na waliobaki huzaana. Matumizi yasiyofaa kupita yote ni kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi si seli: havina ukuta wala maji ya kusukuma ndani yake, na dawa hiyo haina cha kuvifanyia.

Wapo hata bakteria wasio na ukuta. Mikoplazima huishi ndani ya miili ya wanyama, katika maji ambayo figo za mnyama zimekwisha kuyapima, na kwa hiyo hawahitaji tairi. Utando wao huimarishwa kwa mafuta ya kolesteroli wanayoyapata kwa mwenyeji wao. Mmoja wao ndiye aletaye homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa ambao umewafilisi wafugaji wengi wa Afrika Mashariki. Mfugaji anayemchoma ng'ombe wake sindano ya penisilini kwa ugonjwa huu anapoteza fedha na siku, na wakati huo mnyama anaendelea kuwaambukiza wengine zizini. Kinga iliyotegemewa ni chanjo. Mikoplazima mpole aliyepatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipitishwa mara 44 katika mayai ya kuku yenye viinitete, na kutokana naye ikapatikana chanjo iitwayo T1/44, ambayo hadi leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika.